Tamasha la ao dai na hesabu za cherehani

Tangu mwaka 2014 Jiji la Ho Chi Minh, kusini mwa Vietnam, limejijengea desturi ya kuandaa, kwa kawaida mwezi Machi, tamasha la ao dai, yaani gauni refu lenye ukosi uliosimama, lililopasuliwa pande zote mbili kuanzia kiunoni na kuvaliwa juu ya suruali pana. Tamasha hilo hunadiwa kuwa linainua utalii na ushonaji kwa pamoja. Dai kuhusu utalii halina ubishi mkubwa. Dai kuhusu ushonaji ndilo lenye mushkeli.

Maafisa hupenda kutaja idadi ya waliohudhuria, lakini idadi hiyo ni ya kupokelewa kwa tahadhari, kwa sababu maonyesho mengi hufanyika hadharani kwenye barabara ya Nguyen Hue, ambako wakazi hufurika kutembea jioni hata pasipokuwa na tamasha lolote. Isitoshe, kichwa kilichohesabiwa barabarani si oda iliyoandikwa kwenye daftari la fundi.

Lalamiko la wenye cherehani katika mitaa inayozunguka soko la Tan Dinh, kama linavyoelezwa na fundi mmoja mkongwe asiyetaka kutajwa, linahusu kalenda. Msimu mkubwa wa ushonaji ni wiki zinazotangulia Tet, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, na wakati huo fundi hukataa wateja kwa kukosa mikono. Tamasha linapofika Machi, mteja tayari ana vazi jipya kabatini, na asiye nalo hukodi la kupigia picha au hununua lililoshonwa tayari kiwandani, ambalo bei yake fundi wa vipimo hawezi kuifikia. Kwa maelezo yake, wanaovuna ni wenye maduka ya kukodisha, wapiga picha na wauzaji wa vitambaa.

Malalamiko ya wafanyabiashara huwa na chumvi yake, lakini kazi yenyewe inampa fundi huyo haki ya kusikilizwa. Ao dai ya vipimo hukatwa kuufuata mwili tangu shingo hadi nyonga. Mkono wake, kwa mtindo uliotia mizizi Saigon, kama jiji hilo lilivyoitwa zamani, katika miaka ya 1960, huungwa kwa mshono wa mshazari utokao shingoni hadi kwapani ili kitambaa kisijikunje, na pindo za paneli mbili ndefu, ya mbele na ya nyuma, katika kazi nzuri hushonwa kwa mkono ili uzi usionekane upande wa nje. Pindo hizo ndizo zinazomaliza saa, na mteja aliyezoea bei ya kiwandani haoni sababu ya kuzilipia.

Upande wa vitambaa nao una maswali yake. Nyanda za Lam Dong, hasa Bao Loc, huzalisha nyuzi za hariri, lakini mayai ya viwavi hutoka kwa wingi China, sehemu ya nyuzi huuzwa India, na majora mengi madukani ni ya nyuzi za viwandani yaliyochapwa maua, jambo lisilo geni kwa wauza vitenge wa Kariakoo. Mwaka 2017 mfanyabiashara maarufu wa hariri nchini Vietnam alikiri kuuza bidhaa za China zenye lebo ya Vietnam, na tangu hapo neno “hariri halisi” kwenye kibandiko limekuwa la kuulizwa mara mbili.

Oda za sare, kwa mfano za walimu na wahudumu wa ndege, huenda zikaendelea kuwapa kazi wenye viwanda. Mustakabali wa fundi wa mtaani ni mgumu zaidi kuutabiri. Kuhamishia tamasha Oktoba, mwezi ambao tarehe 20 ni Siku ya Wanawake wa Vietnam, pengine kungemletea oda kabla ya msongamano wa Tet, ila Oktoba kusini ni msimu wa mvua, na waandaaji wa maonyesho ya barabarani hawatarajiwi kulipokea wazo hilo kwa furaha.