Amelala, Lakini Hakupumzika

Pengine nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii. Alfajiri aamka amechoka kuliko alivyolala. Mabega yamuuma, mgongo wamuuma, nyonga na mapaja vilevile, hata mkono ukishikwa kidogo tu ashtuka. Amekwenda hospitali, damu imepimwa, picha ya eksirei imepigwa, na jibu ni lile lile: hapana kitu. Akirudi nyumbani maneno huanza. Huyu asema ni mvivu, yule asema amerogwa, na mama mkwe ahesabu siku ambazo mchi haukushikwa.

La, si mvivu. Upo ugonjwa uitwao fibromialjia, nao huwapata wanawake zaidi, ijapokuwa wanaume nao hawakosi. Hauvimbishi viungo wala hauli mifupa, ndiyo maana picha haionyeshi kitu. Kasoro iko katika njia ya kupeleka habari mwilini. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo huchukua habari ndogo na kuikuza, kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Mwingine akiguswa huona ameguswa tu. Huyu huona maumivu, na maumivu hayo ni ya kweli kabisa.

Zamani kidogo, kwa utaratibu wa madaktari wa Marekani wa mwaka 1990, mgonjwa alibonyezwa mahali 18 mwilini. Mwaka 2010 walitoa utaratibu mwingine: kuuliza maumivu yameenea wapi, usingizi na kumbukumbu vikoje, na kama hali hiyo imedumu miezi 3. Basi mganga mwenye subira ya kusikiliza aweza kuutambua hata pasipo mitambo mingi.

Lakini jambo la kutazama hasa ni usingizi. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, huko Toronto nchini Kanada, waliwalaza watu wenye afya njema, na kila walipozama katika usingizi mzito kabisa, wakawasumbua kwa kelele. Baada ya usiku 3 tu watu wale walikuwa na uchovu na maumivu ya mwili kama wagonjwa! Kumbe maumivu huharibu usingizi, na usingizi mbaya huongeza maumivu. Ni duara, nalo yafaa kulikata upande wa usiku.

Basi, mama, amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Chai ya rangi nzito na kahawa ziishie mchana. Pombe huleta usingizi wa mwanzo, kisha huuvunja. Kitanda cha kamba kikilegea, kikazwe. Oga maji ya moto jioni, au kanda mabega kwa kitambaa cha moto. Simu ilale chumba kingine, na mtoto mkubwa aliyezoea kukupiga mateke apate mkeka wake.

Mchana, jihadhari na siku njema. Wengi wakipata nafuu hulima shamba zima ili kuwafunga watu midomo, kisha hulala chini siku tatu. Afadhali matuta machache kila siku. Tena tembea: anza kwa dakika 10, ongeza polepole. Mwanzoni mwili utalalamika, lakini mazoezi ya taratibu ndiyo dawa iliyothibitika kuliko zote.

Vidonge vya maumivu vya dukani havisaidii sana hapa, na vikizidi vyaweza kuumiza tumbo na figo. Daktari aweza kuandika amitriptilini kwa kipimo kidogo, inywewe jioni. Huwasaidia baadhi ya watu kulala na kupunguza maumivu. Usiazime ya jirani, na kama una mimba au ugonjwa wa moyo, mwambie daktari kwanza.

Ila ukiona homa, kukonda, viungo kuvimba, au mguu kukosa nguvu, usiseme ni fibromialjia ile ile. Rudi hospitali upesi.

Nawe, baba, usimwulize mkeo, “Leo tena?” Mwulize amelalaje. Kisha wewe na kijana wako mkubwa chukueni ndoo za asubuhi, mwende kisimani.