Programu ya AVEC: ni nini kinabadilika, na ni cha nani?

Wanafunzi wengi wa informatiki wanaoanza Java wanajua haraka kuandika klasi. Penye wanakwama ni kwa atributi, yaani mahali objekti inatunza habari zake, na kwa konstanti, yaani thamani isiyobadilika. Wengi wanaweka «static» na «final» kwa kuotea tu. Lakini kama programu inahesabu feza za watu, kuotea kunaweza kula akiba ya mutu.

Mfano wa karibu ni kikundi cha AVEC. Kwa kila mkutano, mwanachama ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano. Bei ya hisa inapangwa mwanzo wa mzunguko, na haiguswi mpaka siku ya kugawana. Kwa kila kitu kama hicho, maswali ni mawili: kinabadilika? Na ni cha nani?

Hisa za mama Furaha zinaongezeka, na ni zake mwenyewe. Basi ni atributi ya kawaida katika klasi Mwanachama. Inawekwa «private», ili klasi zingine zisiiguse ovyo. Mwanafunzi akiongeza «static» hapo, wanachama wote wanabaki na kisanduku kimoja. Mama Furaha akinunua hisa 3, baba Amani 2, kila mmoja anaonekana na 5. Kwa ordinateri hisa ni 10, lakini ndani ya sanduku kuko feza ya hisa 5 tu. Na programu inatembea vizuri, bila kuonyesha kosa hata moja.

Mpaka wa hisa tano ni wa wote na haubadiliki. Hiyo njo konstanti: «static final int HISA_MWISHO = 5». Jina linaandikwa kwa herufi kubwa. Namba 5 ikitawanywa mahali kumi, kesho hakuna atakayejua ipi ni ya hisa na ipi ni ya kitu kingine. Sheria ikibadilika, mstari unaorekebishwa ni mmoja.

Bei ya hisa iko katikati. Haibadiliki ndani ya mzunguko, lakini kikundi kimoja kinaweza kupanga franga 1 000, na cha jirani 2 000. Hapo ni «final» bila «static». Bei inaingizwa katika konstrukta, wakati objekti ya mzunguko inaundwa. Kisha, mutu akiandika mstari wa kuibadilisha, kompilateri inakataa.

Kiwango cha dola, chenyewe, kinapanda na kushuka. Kukifunga na «final» ni kujitafutia shida.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi: kuunda wanachama wawili, kuwapa hisa tofauti, kisha kuonyesha hisa za kila mmoja. Namba zikifanana, kuko «static» mahali haikustahili kuwa, na ni afazali ionekane darasani kuliko siku ya kugawana.