Ganda la Mise

Kigoma mchikichi hautupwi. Nyama ya chikichi hutoa mawese, kiini hutoa mafuta ya mise, na makapi yenye nyuzi huwashia moto wa kuchemshia chikichi nyingine. Linalobaki kwa wingi ni ganda gumu la kokwa. Baadhi huishia jikoni, mengine hulundikana nyuma ya mashine.

Kwa mhandisi, lundo hilo ni kokoto nyepesi. Ndoo ya maganda ina uzito chini ya nusu ya ndoo ya kokoto za mawe. Watafiti wa Nigeria na Malaysia wamekuwa wakiyajaribu kwenye zege tangu miaka ya 1980. Zege la kawaida lina takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. La maganda hushuka chini ya 2,000, na likichanganywa vizuri hufikia nguvu ya nyutoni 20 kwa milimita ya mraba, inayotosha kazi nyingi za nyumba ya chini.

Wepesi huo una maana kwenye ufuko wa Kigoma. Ziwa Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilibomoa nyumba Kalemie, upande wa Kongo. Ardhi ikitikisika, jengo husukumwa kwa kadiri ya uzito wake.

Kazi iko kwenye kuchanganya. Ganda kavu hunywa maji mengi, pengine karibu robo ya uzito wake kwa siku moja, hivyo likitiwa kavu huinyang'anya saruji maji yake. Sharti liloweshwe kwanza. Kabla ya hapo lioshwe, maana utando wa mafuta hauishiki saruji. Hata likiwa safi, uso wake laini huachia mapema kuliko jiwe lililopasuliwa. Fundi anayepima kwa ndoo na kukoroga kwa koleo asianzie kwenye nguzo wala linta. Vijia vya uani vinamtosha.

Mimi maganda ningeyapeleka kwanza kwenye tanuri la matofali. Tofali za kuchoma hula magogo, na vilima vingi vya mkoa huu vimeshabaki na nyasi tu. Ganda kavu hutoa joto linalolingana na la kuni kavu, ila likishindiliwa hukosa hewa na kutoa moshi mtupu. Mbeya wachomaji wamezoea pumba za mpunga, ambazo nazo hazitaki haraka.

Lakini ganda lenyewe linapungua. Michikichi ya asili ya Kigoma ni dura, yenye ganda nene. Tangu 2018 serikali imehimiza tenera, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu zake. Mwaka 1941 watafiti wa Yangambi, Kongo, walieleza kuwa unene wa ganda hutawaliwa na jeni moja: dura ikizalishwa na pisifera isiyo na ganda, hupatikana tenera, yenye nyama nyingi na ganda jembamba. Mkulima atapata mafuta zaidi. Mwenye tanuri atahitaji kokwa nyingi zaidi kujaza gunia lilelile.