Kuyatambua Mapenzi ya Mungu (Sehemu ya Tatu): Wito Unaopimwa na Ndugu

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza nafasi ya Maandiko na ya maombi. Leo tunaingia katika jambo ambalo waumini wengi hulipuuza: kuwashirikisha wenzao kabla ya kutamka kwamba Mungu amesema nao.

Hata mtoto Samweli alipoitwa usiku hakuitambua sauti. Mzee Eli ndiye aliyemwelekeza namna ya kuitika.

Kagera ina historia ndefu ya jambo hili. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda na kufika Buhaya, huku Kagera. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, walikutana kwa vikundi, wakatubu waziwazi na kuitana ndugu. Mwenye shauri la uchumba, safari au kazi alilileta mbele ya wenzake. Waliomba pamoja naye, wakamhoji, na pengine wakamshauri angoje.

Katika mazingira hayo ya uamsho alikulia kiimani Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba wa mwaka 1925. Mwaka 1964 alimpokea Bengt Sundkler wa Sweden uaskofu wa Kilutheri huko Bukoba, na mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Majukumu hayo hakujitwalia; alikabidhiwa na kanisa.

Kwa Wakatoliki wa Muleba mfano ulio karibu ni Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912. Alipata upadre mwaka 1943, uaskofu mwaka 1952, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali. Seminarini neno la kijana kwamba ameitwa halitoshi. Walezi humtazama miaka mingi: anavyosali, anavyotii, anavyoishi na wenzake.

Je, mkulima wa Kamachumu asiyetarajia uaskofu anafanyaje? Tuseme baba anasema Bwana amemwongoza auze kibanja ili afungue duka mjini. Kibanja hicho kina migomba inayolisha nyumba na makaburi ya wazee. Kabla hajapokea pesa, na amsikilize mkewe, watoto wake wakubwa, ukoo wake na mzee wa kanisa anayemwamini. Wote wakiona hatari asiyoiona yeye, huo nao ni uongozi wa Mungu.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayetaka kuacha dawa kwa sababu ameota kwamba amepona. Hospitali ya Ndolage ni ya Walutheri, ya Rubya ni ya Wakatoliki. Makanisa yale yale yanayomwombea ndiyo yanayomtibu. Aombe, kisha arudi kupimwa.

Kundi nalo laweza kukosea. Ndugu wakimlazimisha binti aolewe na mtu asiyemtaka, au kiongozi akidai ufunuo unaomnufaisha yeye mwenyewe, idadi yao haiugeuzi uonevu kuwa mapenzi ya Mungu. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasidharau unabii, bali wapime yote. Agizo hilo linamhusu askofu, mlokole na mwanakwaya sawasawa.

Basi msomaji mwenye uamuzi mzito wiki hii achague watu wawili au watatu wacha Mungu, wasio na faida yoyote katika jambo lake, awaeleze yote bila kuficha, kisha awape muda wa kuomba kabla hajaamua.