Mada ya 4: Mahitaji na Ugavi – Uchunguzi Kifani wa Poliamidi 12

Mwanafunzi anayejua kanuni za mahitaji na ugavi kwa mfano wa nyanya hukwama mtihani unapouliza kuhusu bidhaa ya kiwandani. Mfano ufuatao utakusaidia.

Bidhaa yenyewe

Poliamidi 12 ni plastiki maalumu inayostahimili petroli, joto na mtikisiko. Hutumika kutengeneza mabomba ya mafuta na ya breki katika magari. Hutokana na kemikali iitwayo CDT, ambayo nayo hutengenezwa kwa butadaini, zao la petroli. Wazalishaji wa CDT duniani ni wachache sana.

Tukio

Tarehe 31 Machi 2012 mlipuko na moto viliharibu mtambo wa CDT wa kampuni ya Evonik mjini Marl, Ujerumani. Wafanyakazi wawili walifariki. Mwezi Aprili wawakilishi wa viwanda vya magari walikutana Michigan, Marekani, kutafuta plastiki mbadala, kwa hofu kwamba uundaji wa magari ungesimama kwa kukosa vibomba.

Uchambuzi

*(a) Ugavi.* Mtambo ulipoharibika, mstari wa ugavi ulihama kwenda kushoto: kwa kila bei, kiasi kilichoweza kuuzwa kilipungua. Ugavi huu pia si nyumbufu katika kipindi kifupi, kwa kuwa mtambo wa kemikali haujengwi kwa wiki mbili, hata bei ikipanda vipi.

*(b) Mahitaji.* Haya ni mahitaji tegemezi. Hakuna anayenunua poliamidi 12 kwa ajili yake yenyewe. Huhitajika kwa sababu magari yanahitajika. Unyumbufu wake ni mdogo kwa sababu mbili: gharama ya kibomba ni sehemu ndogo sana ya bei ya gari, na gari lisilo na bomba la breki haliuziki.

*(c) Bidhaa mbadala.* Zipo poliamidi zinazotokana na mafuta ya nyonyo, zao linalolimwa zaidi India. Lakini bomba jipya lazima lipimwe usalama kwanza. Kwa hiyo mahitaji huwa nyumbufu zaidi kadiri muda unavyoongezeka.

Mfano wa hesabu (takwimu za kubuni)

| Bei kwa kilo (dola) | Mahitaji (tani) | Ugavi kabla (tani) | Ugavi baada (tani) |
|---|---|---|---|
| 10 | 100 | 100 | 60 |
| 20 | 90 | 110 | 70 |
| 30 | 80 | 120 | 80 |

Kabla ya ajali soko lilikuwa na msawazo kwa dola 10, tani 100. Baada ya ajali, bei ikibaki dola 10, kunakuwa na uhaba wa tani 40 (100 − 60). Wanunuzi hushindana, bei hupanda hadi msawazo mpya wa dola 30, tani 80.

Unyumbufu wa mahitaji = asilimia ya badiliko la kiasi ÷ asilimia ya badiliko la bei = 20 ÷ 200 = 0.1 (bila kuzingatia alama ya kutoa). Jibu ni chini ya 1, hivyo mahitaji si nyumbufu.

Zingatia

Watahiniwa wengi huandika kwamba "mahitaji yalipungua" kutoka tani 100 hadi 80. Si sahihi. Mstari wa mahitaji haukuhama. Kilichopungua ni *kiasi kinachohitajiwa*, kwa sababu bei ilipanda. Mstari uliohama ni wa ugavi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia jedwali, kokotoa mapato ya wauzaji kabla na baada ya ajali. Kwa nini yaliongezeka ilhali mauzo yalipungua?
2. Chora mchoro unaoonyesha mabadiliko ya msawazo.
3. Eleza jinsi ukame katika maeneo yanayolima nyonyo unavyoweza kuathiri mahitaji ya poliamidi 12.

*Jibu la 1:* Dola 1,000,000 na dola 2,400,000. Bei ilipanda kwa uwiano mkubwa kuliko kiasi kilivyopungua.