Je, Wajua? Kabla ya Kalamu, Kitabu

Kuna kusoma kwa ajili ya mtihani, na kuna kusoma kwa sababu hadithi imekunogea. Mtoto wa Kilwa ya Kongo, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, huongea Kiswahili sokoni na kufanya mitihani yake kwa Kifaransa; kusoma huko hana hiari nako. Kule kwa hiari ndiko kunakomjenga mwandishi, maana humjaza masikioni mwendo wa maneno bila yeye kujua. Ushahidi huu hapa.

Je, wajua kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliuchukua mtindo wa Arthur Conan Doyle, wa mpelelezi mwerevu mwenye kiko na rafiki wa kumsindikiza, akauhamishia visiwani kwa Bwana Msa wake. Riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la 1957–58, ikatoka kitabu 1960. Mbinu za namna hiyo hazikaririwi. Huingia kwa msomaji anayefunua kurasa ili ajue muuaji ni nani.

Je, wajua kwamba Shaaban Robert alimleta Mwajemi katika ushairi wetu? *Omar Khayyam kwa Kiswahili* ilitoka 1952, naye aliifasiri kutokana na Kiingereza cha Edward FitzGerald. Mashairi ya Uajemi yalimfikia kupitia lugha ya tatu, na bado akayapa vina na mizani.

Je, wajua kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alinywea mapema kwenye visima vya Alfu Lela Ulela na sura za Kurani? Riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza, lakini visima ni vya nyumbani.

Je, wajua kwamba historia moja ya Lubumbashi haieleweki mpaka isomwe kwa sauti? Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa boyi wa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha mjini historia ya Elisabethville, jina la zamani la mji huo. Nukta ni chache, na maneno yamegawanywa kwa namna yake. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoitoa kitabu mwaka 1990, alimtegemea Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti hadi maana ikajitokeza. Yav aliandika kama anayesimulia, na msomaji wake sharti atumie sikio.

Je, wajua kwamba Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi 1981, alitamani kupiga saksafoni? Chombo hakikupatikana, akaifanya lugha kuwa saksafoni yake. Riwaya yake *Tram 83* (2014) ina sentensi zinazorudiarudia na kukatizana kama jazi, na mhusika wake Lucien ni mwandishi.

Je, wajua kwamba mwandishi V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa 1941 Jadotville, Likasi ya leo, na kufariki 2025 huko Marekani, alikitolea Chuo Kikuu cha Lubumbashi vitabu vyake binafsi? Ndiko alikokuwa amefundisha kabla ya kuhama nchi. Kwa hiyo kijana wa Katanga anayetaka kuandika anaweza kusoma alichokisoma Mudimbe, si alichokiandika tu.