Je, Wajua? Sungura Aliyefichua Makaburi

Je, wajua kwamba makaburi ya kale kuliko yote yaliyopimwa umri nchini Uingereza yaligunduliwa kwa sababu ya kitoweo? Mwaka 1797 vijana wawili walikuwa wakimfukuza sungura katika korongo la Burrington Combe, Somerset. Sungura akajitosa kwenye ufa wa jabali. Vijana wakachimba ili wamtoe, na mara likafunguka pango lenye mifupa ya watu wapatao 50, wamelazwa ubavu kwa ubavu.

Pango lenyewe ni dogo, na barabara ya lami inapita karibu na mlango wake. Linaitwa Aveline's Hole. Aveline hakuwa miongoni mwa wale wawindaji: alikuwa mtaalamu wa miamba, na pango likapewa jina lake mwaka 1860. Walioligundua hawakuachiwa hata kichochoro.

Je, wajua fundi aliyelichimba? Mvua. Maji yake hubeba hewa ya ukaa, yakapata uchachu kidogo, na uchachu huo hulila jiwe la chokaa tone kwa tone. Chokaa hiyohiyo ndiyo iliyoihifadhi mifupa. Udongo mchachu ungekuwa umeimaliza zamani.

Wafu hao wana zaidi ya miaka 10,000. Walikuwa wawindaji, kabla nchi hiyo haijaona jembe. Kaburi moja lilitiwa visukuku vya amonaiti, wanyama wa baharini wenye gamba la kujiviringa kama konokono, ambao hata wakati huo walikwisha kuwa mawe kwa mamilioni ya miaka. Mtu aliviokota, akavipenda, akamzika navyo mpendwa wake. Ukutani nako kuna misalaba iliyokwaruzwa, iliyotangazwa mwaka 2005. Si ya kanisa: wataalamu wanaiweka katika zama za wawindaji haohao.

Je, wajua kilichoipata mifupa yenyewe? Ile ya 1797 ilichukuliwa kidogo kidogo ikapotelea mikononi mwa watu. Iliyofukuliwa baada ya 1919 na chama cha wachunguza mapango cha Chuo Kikuu cha Bristol iliwekwa kwenye jumba lao la makumbusho. Mwaka 1940 likapigwa bomu la Wajerumani. Miaka elfu kumi chini ya jabali bila kudhurika, kisha usiku mmoja! Mengi tunayoyajua leo yametoka kwenye masalia yaliyonusurika bomu hilo.

Na wewe unayeimba “Mwamba Wenye Imara” kanisani, je, wajua kwamba korongo hilohilo linajidai kuwa chimbuko lake? Inasimuliwa kwamba kasisi Augustus Toplady alijibanza kwenye ufa wa jabali humo dhoruba ilipomkuta njiani, wimbo ukamjia. Wanahistoria hawasadiki. Hata hivyo jabali limewekewa kibao, na wageni hulipiga picha.

Ukidhani miaka 10,000 ni mingi, njoo Kilifi. Katika Panga ya Saidi, nalo pango la chokaa, alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu yapata miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wamempa jina la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na jinsi kichwa kilivyoinama yaonyesha kwamba alikuwa amewekewa mto.